Kamari ya michezo ya kielektroniki: Maana ya kila soko na jinsi dau linavyoliwa

FAINALI ya mashindano makuu ya mchezo wa Counter-Strike 2, iliyoandaliwa jijini Copenhagen, Denmark, Machi 31, 2024, ilimalizika kwa ushindi wa Natus Vincere, timu yenye asili yake nchini Ukraine na inayofahamika zaidi kama NaVi. Wapinzani wao walikuwa FaZe Clan. NaVi walishinda ramani ya kwanza 13-9, wakanyukwa 13-2 katika ya pili, kisha wakatwaa ya tatu kwa 13-3.

Aliyeweka pesa kwamba NaVi wangeshinda mechi alilipwa. Aliyesema wangeshinda kwa ramani 2-0 alipoteza. Aliyetabiri kuwa wangetwaa ramani ya kwanza kwa tofauti ya raundi tano au zaidi alipoteza vilevile, ilhali aliyetosheka na tofauti ya raundi nne alichukua malipo yake. Wote hao waliamini timu moja, na timu hiyo ndiyo iliyotawazwa bingwa.

Kilichowatenganisha si ujuzi wa mchezo, bali ni soko ambalo kila mmoja alichagua. Na hapo ndipo wengi wanaobahatisha kupitia simu zao hukosea: hujifunza majina ya timu na wachezaji, lakini hawajifunzi swali ambalo wanalipia kulijibu.

Mashindano ya michezo ya kielektroniki, almaarufu espoti, yamekua na kuwa biashara kubwa duniani. Mnamo 2021, timu zilizokutana jijini Bucharest, Romania, katika shindano la The International la mchezo wa Dota 2 ziligawana zaidi ya dola milioni 40. Janga la Covid-19 liliposimamisha ligi za kandanda mnamo Machi 2020, kampuni za kamari kote ulimwenguni ziligeukia mashindano haya ili kuziba pengo. Ligi zilirejea, lakini espoti ilibaki kwenye orodha ya michezo ambayo kampuni hizo hutoa.

Soko ni nini?

Katika lugha ya kamari, soko ni swali moja kuhusu mechi ambalo kampuni imekubali kulipia majibu yake. Nani atashinda? Zitachezwa raundi ngapi? Nani atamwaga damu ya kwanza? Kila jibu hupewa bei yake, ambayo wacheza kamari huiita odi. Odi ya 1.85 ina maana kwamba anayeweka Sh100 akipatia hupokea Sh185, dau lake likiwemo.

Bei hiyo haipangwi kiholela. Tuchukue mfano wa timu mbili zinazolingana kwa nguvu. Lau malipo yangekuwa ya haki kamili, kila upande ungepewa odi ya 2.00. Badala yake, kampuni huweka, tuseme, 1.85 kila upande. Mtu mmoja akiweka Sh100 kwa timu hii na mwingine Sh100 kwa timu ile, kampuni hupokea Sh200, humlipa mshindi Sh185 na kubaki na Sh15. Hiyo ni asilimia 7.5 ya pesa zote, na kampuni huipata bila kujali nani ameshinda.

Hesabu ya kufichua fungu hilo ni rahisi. Gawanya 1 kwa kila odi ya soko, kisha ujumlishe majibu. Soko lenye odi za 1.30 na 3.20 hutoa 0.77 na 0.31, ambazo jumla yake ni 1.08. Kiasi kinachozidi 1 ndicho kinachoonyesha makali ya kampuni. Kadiri kinavyopanda ndivyo mcheza kamari anavyopunjwa. Kwa kawaida, soko la mshindi wa mechi kubwa huwa na makali madogo, nayo masoko yenye majibu mengi au yanayohusu matukio madogo madogo huwa na makali zaidi.

Mshindi wa mechi

Hili ndilo soko la msingi. Katika Counter-Strike 2, Dota 2 na League of Legends, mechi za mtoano hazina sare, kwa hivyo majibu ni mawili pekee. Hata hivyo, ni muhimu kutazama urefu wa mechi. Kuna mechi za ramani au mchezo mmoja, kuna zile ambazo mshindi ni wa kwanza kupata ushindi mara mbili kati ya tatu, na fainali nyingi humtafuta atakayeshinda mara tatu kati ya tano.

Urefu huo hubadilisha kila kitu. Timu dhaifu inaweza kuponyoka na ushindi katika mchezo mmoja, lakini ni vigumu zaidi kwake kuurudia mara tatu. Anayeunga mkono timu ndogo katika mechi ndefu anahitaji bei bora kuliko katika mechi fupi.

Kuna pia soko la mshindi wa kila ramani. Katika Counter-Strike 2, kabla ya mechi ya ramani tatu kuanza, timu hupokezana kukataa ramani zisizozitaka, kisha kila moja huchagua ya kwake, na ile inayosalia huwa ya kuamua. FaZe waliochapwa mara mbili jijini Copenhagen ndio hao hao walioshinda ramani ya pili kwa 13-2. Timu inayopewa nafasi finyu katika mechi nzima inaweza kuwa ndiyo yenye nguvu katika ramani mojawapo.

Hendikapu

Timu moja inapokuwa na nguvu kupita nyingine, odi yake huwa ndogo mno. Ndipo kampuni huleta hendikapu, yaani mzigo wa kubuni ambao timu kali hubebeshwa, au zawadi ya kubuni ambayo timu dhaifu hutunukiwa.

NaVi wakipewa hendikapu ya -1.5 za ramani, ni lazima washinde 2-0; ushindi wa 2-1 hautoshi. FaZe wakipewa +1.5, inatosha wapate ramani moja tu. Ndiyo maana katika fainali ya Copenhagen, aliyechukua FaZe kwa +1.5 alilipwa ijapokuwa timu yake ilishindwa.

Nusu hiyo ya ziada imewekwa makusudi ili kusiwe na sare kati ya mcheza kamari na kampuni. Hutumika vilevile kwa raundi. Katika ramani ya kwanza iliyoisha 13-9, tofauti ilikuwa raundi nne. NaVi kwa -3.5 walilipa, NaVi kwa -4.5 hawakulipa. Raundi moja tu iliwatenganisha walioshinda na walioshindwa.

Idadi: zaidi au chini

Katika soko hili, mshindi hana maana. Kinachoulizwa ni idadi: je, itazidi kiwango kilichowekwa au itapungua? Vijana wengi wa mitaani hulijua kama ova na anda.

Tangu Counter-Strike 2 izinduliwe Septemba 2023, anayefika raundi 13 kwanza ndiye mshindi wa ramani. Kwa hivyo ramani haiwezi kuwa na raundi chini ya 13, na isipofika 12-12, haiwezi kuzidi 24. Timu zikitoshana 12-12, huongezewa raundi sita, na anayepata nne kati ya hizo hushinda. Ramani kama hiyo mara nyingi huisha kwa 16-12, 16-13 au 16-14.

Matokeo haya huwa na mitego. Timu mbili zikitoka 12-12, mtu aliyeshika timu dhaifu kwa +3.5 anaweza kudhani amefaulu. Mambo yakiisha 16-12, na iwapo kanuni za kampuni zinahesabu raundi za nyongeza, amepoteza.

Katika fainali ya Copenhagen, ramani ya kwanza ilikuwa na raundi 22, ya pili 15 na ya tatu 16. Aliyesema "zaidi ya 21.5" katika kila ramani alipatia mara moja tu, ilhali timu zenyewe zilikuwa miongoni mwa bora duniani na mechi ilikwenda hadi ramani ya mwisho. Mechi kuwa ngumu kwa jumla hakumaanishi kwamba kila ramani itakuwa ngumu.

Katika Dota 2 na League of Legends, swali la idadi huhusu dakika ambazo mchezo utachukua, au jumla ya wahusika watakaouawa. Hapa mbinu za timu ni muhimu kuliko sifa zake. Kabla ya mchezo kuanza, timu huchagua wahusika. Wengine ni wakali mapema, wengine huchelewa kupata nguvu. Anayeweka dau kabla ya uchaguzi huo anabahatisha bila kujua silaha zitakazotumika.

Alama kamili na bingwa wa mashindano

Soko la alama kamili humtaka mtu ataje matokeo yenyewe: 2-0, 2-1, 1-2 au 0-2. Malipo yake huvutia, lakini majibu ni manne na ni moja tu lililo sahihi.

Soko la bingwa wa mashindano nalo hufunguliwa wiki au miezi kabla. Mnamo 2022, timu ya DRX kutoka Korea Kusini ilianzia hatua ya mchujo ya mashindano ya dunia ya League of Legends, ikapita kila kizingiti, na hatimaye kuwaangusha T1 kwa 3-2 katika fainali jijini San Francisco, Marekani. Visa kama hicho ndivyo vinavyouza tikiti za soko hili. Kwa kila DRX mmoja, hata hivyo, kuna timu nyingi zilizoanzia hatua hiyo hiyo na kurudi nyumbani mapema, na pesa za waliozishabikia zilikuwa zimefungwa muda wote huo.

Matukio madogo madogo

Hapa ndipo orodha hurefuka. Katika Counter-Strike 2 kuna soko la raundi ya bastola, yaani raundi ya kwanza na ya 13, ambapo kila mchezaji huanza na dola 800 za mchezo na hawezi kumudu silaha nzito. Anayeshinda raundi hiyo hupata pesa za kununua bunduki bora, na mara nyingi hushinda zinazofuata.

Katika Dota 2 na League of Legends kuna masoko ya damu ya kwanza, mnara wa kwanza kubomolewa, timu ya kwanza kuua wahusika kumi, na nani atakayemwangusha mnyama mkuu. Katika Dota 2 mnyama huyo ni Roshan, ambaye timu inayomuua hupata kifaa cha kumfufua mhusika wake mmoja. Katika League of Legends ni joka na Baron Nashor.

Masoko haya huisha haraka, na hiyo ndiyo hatari yake ya kwanza. Mtu aliyekusudia kuweka dau moja kwa mechi hujikuta ameweka sita kabla ya nusu saa kupita, kila moja likiwa na makali yake ya kampuni.

Hatari ya pili ni kwamba tukio dogo linaweza kuamuliwa na mtu mmoja. Ili timu ipoteze mechi nzima makusudi, wachezaji kadhaa huenda wakahitajika kushirikiana. Ili damu ya kwanza imwagike upande fulani, anatosha mchezaji mmoja kutembea mahali asipostahili.

Kamari mechi ikiendelea

Odi hupanda na kushuka kadiri mchezo unavyosonga. Kwa anayetazama, huonekana kama nafasi ya kutumia macho yake. Lakini matangazo ya mashindano mengi hucheleweshwa kimakusudi ili wachezaji wasipate kuchungulia mbinu za wapinzani, na mtandao wa simu huongeza ucheleweshaji wake. Kampuni kubwa hupata takwimu moja kwa moja kutoka kwa waandalizi. Mtazamaji anaweza kuwa anaweka dau juu ya raundi ambayo tayari imeisha, dhidi ya kampuni inayojua jinsi ilivyoisha.

Kuna pia mtindo wa kuunganisha mechi katika tikiti moja, yaani multibeti. Tuseme mtu anachagua mechi tano, kila moja kwa odi ya 1.85. Sh100 zake zikifaulu humletea takriban Sh2,167. Lakini ikiwa kila mechi ni nusu kwa nusu, nafasi ya kupatia zote tano ni moja kati ya 32, na malipo ya haki yangekuwa Sh3,200. Fungu la kampuni lililokuwa asilimia 7.5 katika mechi moja limepanda hadi karibu asilimia 32. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe si cha mcheza kamari.

Si kila kandanda ya simu ni espoti

Wakenya wengi hukutana na kamari ya aina hii kupitia kandanda, na hapa pana vitu viwili vinavyochanganywa. Cha kwanza ni mechi za kubuni ambazo kompyuta huzalisha kila baada ya dakika chache. Hizo hazina mchezaji, hazina mazoezi wala majeraha. Matokeo hutolewa na programu ya nambari za nasibu, na hakuna historia ya "timu" inayoweza kumsaidia yeyote kutabiri.

Cha pili ni mechi za mchezo wa EA Sports FC, uliojulikana kama FIFA hadi 2023, ambapo watu wawili halisi hushindana kwa vidhibiti. Nyingi huchezwa kwa nusu mbili fupi, usiku na mchana. Hizi huwa na sare, kwa hivyo soko la mshindi lina majibu matatu. Jina la Arsenal au Manchester City kwenye orodha ni jezi tu. Anayecheza ni mtu anayetumia jina la utani, na kesho anaweza kuivaa klabu nyingine. Anayemwekea dau kwa kuwa anamwamini Erling Haaland, kwa hakika anaamini vidole vya mtu asiyemfahamu.

Kivuli cha udanganyifu

Historia ya espoti ina makovu ya mechi zilizouzwa. Mnamo 2013, mchezaji wa Dota 2 kutoka Urusi aliyejulikana kama Solo aliweka dola 100 dhidi ya timu yake mwenyewe. Odi ilikuwa 3.22, na malipo yangekuwa dola 322. Alipigwa marufuku, adhabu iliyopunguzwa baadaye, lakini nambari 322 imebaki kuwa kejeli ambayo mashabiki humtupia yeyote anayecheza vibaya kwa njia ya kutiliwa shaka.

Mwaka uliofuata, wachezaji wa timu ya Marekani ya iBUYPOWER walipoteza mechi ya Counter-Strike makusudi, faida yao ikiwa mapambo ya silaha za mchezo yenye thamani ya pesa. Kampuni ya Valve, inayomiliki mchezo huo, iliwapiga marufuku Januari 2015. Nchini Korea Kusini, Lee Seung-hyun, bingwa wa dunia wa StarCraft II mwaka 2014 aliyeitwa Life, alipatikana na hatia ya kuuza mechi mbili. Mnamo 2016 alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kilichoahirishwa kwa miaka mitatu, pamoja na faini ya woni milioni 70.

Mwaka huo huo wa 2016 iliundwa taasisi ya ESIC ya kulinda uadilifu wa mashindano haya. Hata hivyo, mashindano madogo, yenye zawadi duni na wachezaji wasiolipwa vizuri, ndiyo yaliyo vigumu kulindwa. Na ni hayo hayo yanayojaza orodha za kampuni saa za usiku wa manane.

Sheria ya Kenya

Kwa karibu miaka 60, kamari nchini Kenya ilisimamiwa na sheria ya 1966, iliyotungwa kabla ya simu ya mkononi kuwepo. Mnamo Agosti 2025, Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025, iliyochukua nafasi yake na kuanzisha mamlaka mpya ya kudhibiti sekta hiyo. Aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari.

Katazo hilo lina uzito wa pekee katika espoti. Wengi wanaoijua michezo hii vyema ni vijana wa shule, wale wanaojazana katika vibanda vya pleistesheni na maduka ya intaneti. Simu iliyosajiliwa kwa jina la mzazi haimgeuzi mtoto kuwa mtu mzima mbele ya sheria.

Isitoshe, kodi hupunguza mfuko. Sheria ya Fedha ya 2025 ilitoza ushuru wa asilimia 5 kwa pesa zinazoingizwa katika akaunti ya kamari, na kodi ya asilimia 5 kwa zinazotolewa. Hayo ni juu ya makali ya kampuni, si badala yake.

Kabla ya kuweka dau

Kila kampuni huwa na kanuni zake za malipo, na ndizo zinazoamua mizozo. Je, raundi za nyongeza huhesabiwa? Timu ikijiondoa, dau hurudishwa? Mchezaji akibadilishwa dakika ya mwisho, tikiti husimama? Mechi ikikatizwa na hitilafu ya umeme, ramani iliyokwisha hulipwa? Majibu hutofautiana, na aliyeyasoma baada ya kupoteza amechelewa.

Anayeelewa masoko haya hapati ufunguo wa utajiri, kwani fungu la kampuni lipo katika kila moja lao. Anachopata ni uwezo wa kujua analipia nini, na wakati mwingine uwezo wa kukataa. Pesa za karo, kodi ya nyumba au chakula hazina soko linalozifaa. Na anayeona kwamba ameanza kuweka dau ili kurejesha alichopoteza jana, anapaswa kuacha na kumweleza mtu anayemwamini au mshauri nasaha, kabla deni halijawa kubwa kuliko mechi yoyote anayoweza kushinda.